Inashika Chini Kidogo

Gereji yangu iko Pasua, nyuma ya mashine ya kusaga.
Natengeneza breki. Mwaka wa ishirini na mbili huu.
Magari yananishukia kutoka Uru, Kibosho, Kilema,
yananuka pedi zilizoungua,
na madereva wote wana neno moja:
"Fundi, inashika. Ila inashika chini kidogo."

Nami nilikuwa nikisema hivyo hivyo.

Nilijitungia sheria.
Si kabla ya saa kumi na moja.
Si siku ya kazi. Si nyumbani.
Bia tu, kali hapana.
Mbili. Basi tatu, akiwepo mgeni,
na Moshi hii mgeni hakosekani.
Niliziandika kwa chaki kwenye mlango wa stoo,
chini ya orodha ya wanaonidai,
na Swalehe, kijana wangu wa kazi, akazifuta asubuhi
bila kuuliza,
kama anavyofuta oili sakafuni.

Ya kwanza niliagiza mimi.
Ya pili iliagizwa na ya kwanza.
Ya tatu sijui ilikuja kwa amri ya nani,
bili nimelipa mimi.

Siku ya kipaimara cha Ndeshi nilitumwa soda.
Kreti nne, hapo Kiboriloni, mwendo wa dakika kumi.
Nilirudi Jumatatu.
Soda zilikuwa nyuma ya gari, za moto kama uji,
wala hakuna hata moja iliyopungua.
Mke wangu alizihesabu mbele yangu, taratibu,
halafu akaenda kukunja nguo nyeupe ya mtoto.

Bado sikukubali.
Nilisema: nitabana. Nitakaza nati.
Mimi fundi.

Mwezi wa masika akaja Temu, na Fuso yake ya ndizi
pua imepondeka, utomvu wa mgomba umegandia kwenye taa.
Zilikata pale mteremkoni, akasema.
Nikamuuliza, ukafanyaje?
"Mwanzo nilikanyaga. Nikakanyaga, nikakanyaga,
mguu ukawa unagonga bati.
Halafu nikaambiwa, sijui na nani: huna breki, Temu.
Nikautoa mguu.
Nikatafuta shamba lenye migomba minene."

Nilikuwa chini ya gari lake, spana mkononi,
na sikutoka upesi.

Alhamisi jioni tunakaa watu saba
katika chumba cha watoto wa Jumapili, upande wa Rau.
Viti ni vifupi, magoti yanafika kidevuni.
Kawiche, aliyefundisha hesabu, alisema:
"Miaka kumi nilihesabu chupa.
Jumla ilikuwa sahihi. Nilikosea kudhani
kwamba anayehesabu ndiye anayetawala."
Zamu yangu ilipofika nilikuwa na hotuba.
Nikaisahau. Nikasema, siwezi.
Neno moja, dogo, halina hata pa kushika.
Nililisubiri liniue.
Mama mmoja akanisogezea sahani ya karanga.

Sijapona. Gari lililoingia mgombani
halijafika kwake; limesimama tu.
Kusimama nako ni kitu,
mtu aliyekuwa akiteremka anajua.

Jumapili iliyopita, kwa shemeji, kata ya mbege ilizunguka.
Ikafika kwangu imejaa, povu limesimama.
Wote waliangalia kwingine, kwa adabu,
adabu yenye masikio.
Nikaipokea kwa mikono miwili, maana si chakula cha kudharau,
nikampa aliye kushoto kwangu.
Mkono ulitikisika. Povu likanidondokea kidole gumba.
Nilikifutia kwenye suruali
nikauliza kama chai ipo.

Usiku kidole kilinuka ulezi.
Nikanawa. Nikakinusa. Nikanawa tena.
Nikakipeleka puani mara ya tatu, karibu mno na mdomo,
ndipo nikaita: Ndeshi,
njoo unishikie kopo.
Akaja na kandambili za mama yake,
hakuuliza,
akamimina, akamimina,
mpaka maji yakaisha.